Sifa Iliyofika kwenye Chupa

Boko, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuamkia mara mbili, moja ya leo na moja ya wiki iliyopita, ambayo nilikaa na kalamu mkononi nikashindwa kuandika. Dada Mwanahawa, wewe unayemsomea, shikamoo na wewe. Nakuomba usome kila neno kama lilivyo. Usiruke mahali kwa kumwonea mama huruma, na usiongeze yako, maana nakujua.

Mgongo unasemaje, mama? Mliniandikia kwamba bado unakusumbua ukiinama, na kwamba ndiyo sababu hutaweza kuja huku nikioa. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko mengine yote. Nitalirudia mwishoni, kwa sasa naliacha hapo. Na lile paa la jikoni, shemeji ameshaezeka upande wa kisimani au bado anatafuta makuti mazuri? Mwambie mwaka wa pili huu anayatafuta.

Mie ni mzima. Neno hilo naliweka mapema ili moyo utulie, kwa sababu habari yenyewe ina hospitali ndani yake. Hata damu nimepimwa, na ni safi. Kazi ipo. Wenye nafasi zao wanajenga huko Mbweni kama wanaofukuzwa, kila kiwanja kina rundo la mchanga, na fundi lipu halali njaa. Bado nakaa Boko, chumba kilekile, pamoja na Chande, yule jamaa wa Kizaramo anayefanya kazi kwenye malori ya kokoto. Anawasalimu, ingawa hajawahi kuwaona, kwa sababu ya wale samaki wakavu mliotuma.

Sasa, chupa imefika. Haikuvunjika wala haikuvuja, utingo wa basi aliishika kama mtoto mchanga njia nzima. Lakini mama, dada, tumefanya jambo hapa ambalo Boko nzima inalisimulia, na kosa ni langu mimi niliyeandika.

Mnakumbuka barua yangu ile ndefu. Ukurasa wa kwanza wote nililalamika juu ya ndevu. Tangu masika, ngozi ya chini ya ndevu ilikuwa imekauka, inawasha, inabanduka vipande vidogo vyeupe. Kazini hakuna aliyeona, kwa sababu fundi lipu ni mweupe tangu saa mbili asubuhi. Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya kunivua nguo. Nikivaa lile koti jeusi la marehemu baba juu ya kanzu, nikijikuna mara moja tu, kifua chote unga. Nikiinuka kwenye sijida nauona unga wangu umebaki juu ya mkeka wa msikiti.

Sikukaa bure. Chande aliniambia, "Braza, hiyo ishu ndogo. Kata limau, sugua mpaka usikie raha." Nikasugua. Raha sikuisikia, nilisikia moto, nikazunguka uani nikijipepea kidevu kwa kifuniko cha sufuria. Baada ya hapo nikaingia kwenye sabuni. Mnakumbuka ile miaka tulivyokuwa tukipanga foleni kwa kipande kimoja cha sabuni, na anayekipata anakificha chini ya khanga. Siku hizi dukani ziko za kila rangi, za kijani, za pinki, nyingine zina picha ya mwanamke anacheka. Mie nikazijaribu kwa zamu. Nyingine ilinukia vizuri sana, na kesho yake ngozi ikabanduka kuliko jana. Mwisho nikarudi kwenye sabuni yetu ya mche, ile ya kufulia, nikajisugua nayo asubuhi na jioni nikiamini kwamba nisiposugua kwa nguvu haitatoka.

Watu nao wakaanza. Mama anayeniuzia vitumbua akaanza kunipa chai kwenye kikombe cha plastiki ambacho hampi mtu mwingine. Nikakijua kikombe changu. Unajua mambo ya siku hizi, mama. Mtu akikonda, akikohoa, akitoka vipele, wameshamzika. Chande ndiye aliyenieleza wazi: "Mie sikufichi, braza. Wanasema una ngoma." Ukimwi, mama. Nilicheka mbele yake. Peke yangu sikucheka, nilikaa kitandani nikijishika kidevu, na hospitali nikawa naiogopa kama mtoto.

Maneno hayo yakafika dukani kwa Mzee Seif. Huyo ndiye baba yake Zuhura, yule niliyewaandikia habari zake, mshonaji, aliyerudi kwao baada ya mumewe kufariki. Mzee Seif ni Mwarabu wa hapahapa, duka lao liko barabara ya Bagamoyo tangu kwa babu yake, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Nilikuwa nimeshapeleka posa. Akaniita, akanikalisha juu ya gunia la mchele, akanimiminia kahawa.

"Shabani, mwanangu, mie sikukatai," akasema. "Lakini binti yangu ameshazika mume mmoja. Sitaki azike wa pili nikiwa natazama. Nenda hospitali, uangaliwe hicho kidevu na damu yako. Halafu huku sie hatukujui kwenu. Tunakuona fundi mzuri, msikitini hukosi, basi. Niletee sifa zako kutoka kwa watu waliokulea."

Nikasema nimesikia. Nikatoka pale, na hospitali sikuenda. Nilianza na lile rahisi. Niliandika barua kwenu, ukurasa wa kwanza ndevu zangu na unga wake, na mara baada ya hapo, bila kupumua, nikaandika: "Kwa hiyo naomba mnitumie sifa upesi, mumpe dereva wa basi. Mzee Seif anaingojea sana."

Dada, sikulaumu. Nimeisoma tena ile nakala niliyoandikia kwanza, na hata mimi ningeelewa kama mlivyoelewa. Katika nyumba ya fundi wa vyombo vya baharini, sifa ni ile ya chupa, mafuta ya ini la papa, aliyokuwa akipaka baba kwenye mbao baada ya kuziba nyufa kwa kalafati. Mtu akisema ngozi yake imekauka inabanduka, kisha akaomba sifa, atapewa nini kingine?

Basi, mzigo ulipofika nikaupokea stendi, umeshonwa vizuri kwenye kipande cha kitambaa cha marekani, uzi wa mkono wako nikautambua. Sikuufungua. Nilijiambia, hizi ni karatasi za shehe wa kwetu na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, labda wameweka na kitu cha zawadi, maana ulikuwa mzito. Niliona ni adabu zaidi ufunguliwe mbele ya wahusika. Nikamwambia Mzee Seif kwa kujivuna, "Sifa zangu zimefika kutoka Kilwa."

Akawaita watu. Jumamosi baada ya alasiri tukakaa barazani kwake, yeye, mdogo wake wanayemwita Ami Nassor, na imamu wetu. Zuhura alikuwa ndani nyuma ya pazia na cherehani yake, nilijua yupo kwa sababu cherehani ilinyamaza. Mie nimevaa kanzu, koti nimeliacha nyumbani makusudi. Nikauweka mzigo katikati ya mkeka. Mzee Seif akakata uzi kwa mkasi wa dukani, taratibu, kama anafungua wosia.

Ikatoka chupa. Wakaitazama. Mie nikaitazama zaidi yao. Ami Nassor akafungua kizibo ili ajue ni nini, na mama, harufu ile ilitoka kama mtu aliyefungiwa ndani. Imamu akajivuta nyuma mpaka ukutani. Ami Nassor akaziba haraka, lakini ilikuwa imeshatoka, imeshakaa nasi.

"Hii si sifa?" akauliza Mzee Seif.

"Ndiyo sifa yenyewe," nikajibu.

Imamu akaona karatasi iliyokunjwa kwenye kitambaa. Akaichukua kwa matumaini, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ya hotuba. Dada, nimeikariri sasa barua yako: "Mdogo wangu Shabani, sifa uliyoomba ndiyo hii. Mama ameipika mwenyewe siku mbili, hakutaka ya kununua, siku hizi wanachanganya. Jipake kidogo kidogo asubuhi, usijipake kama chombo. Isiingie machoni. Huyo Mzee Seif kama naye anaingojea sana, mgawie, huenda na yeye ana mba. Ataona haya kusema, lakini wewe mpe tu."

Hapo imamu akavua miwani. Nilitazama chini, nikahesabu nyuzi za mkeka. Nilijua harusi imeishia pale, na nikaanza kufikiri nitahamia wapi, labda Madale, huko milimani hawanijui. Kisha nikasikia sauti ya ajabu, kama mtu aliyepaliwa. Ni Mzee Seif. Alikuwa anacheka mpaka kofia ikamtoka. Alijishika ndevu zake, nyeupe, ndefu, akazitikisa, akamwuliza Ami Nassor, "Nina mba mie?" Nyuma ya pazia nako nikasikia mtu anacheka amejiziba mdomo kwa nguo.

Nikaeleza kosa langu lote, ukurasa wa kwanza na wa pili. Mzee Seif akafuta machozi, akaishika ile chupa, akaigeuzageuza.

"Babu yangu akiuza hii, mie nikiwa mdogo," akasema. "Najua kazi yake. Ini unalikata, unalichemsha moto mdogo, umeinama juu ya chungu na moshi wote usoni, huondoki. Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sabini inakaribia. Na mgongo unamwuma."

Akamgeukia imamu. "Mie niliuliza huyu kalelewa na watu wa namna gani. Nimeletewa jibu. Mtu ambaye mama yake anampikia sifa siku mbili kwa ajili ya kidevu, naye ana miaka thelathini na nne, huyo kalelewa. Sina swali tena." Kisha akanielekezea kidole. "Ila hospitali iko palepale. Na hii utaipaka. Mama kapika, hutaitupa."

Basi nikapaka. Jumapili asubuhi, kidogo kidogo, kama mlivyosema. Mama, sitakudanganya, ngozi ililainika. Lakini nilipotoka kwenda kuchota maji nikaona paka mmoja amenifuata. Kisimani wakawa wanne. Nikirudi, Zuhura alikuwa amesimama mbele ya duka lao na nguo ya mtu mkononi, akanitazama nikipita na ndoo zangu na msafara wangu, akasema, "Hao ndio washenga wako?" Ndiyo mara ya kwanza kunitania mbele za watu. Nilifurahi kuliko nilivyoona haya. Jumatatu msimamizi wa kazi, mtu wa Moshi asiyejua sifa ni nini, akaniambia leo nitapiga lipu ya nje, tena upande ambao upepo unapeleka harufu baharini.

Jumanne nikaenda zahanati, nikiwa nimejiosha mara tatu, na bado mganga alisogeza kiti chake nyuma. Ni mtu mzima, mpole, anasema polepole. Akanitoa damu. Akazipanua ndevu kwa vidole, akawasha kitochi, akatazama muda mrefu.

"Huu ni mba," akasema. "Ule wa kichwani, umehamia kwenye ndevu. Na ngozi yenyewe kavu kama mbao. Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

"Unajiosha na nini?"

Nikamwambia sabuni ya mche, asubuhi na jioni, nasugua kwa nguvu, maji ya kisima.

"Maji ya chumvi hayo. Halafu?"

"Halafu naacha pakauke kwa jua."

Akaweka kalamu chini. "Fundi, ukuta mpya ukiupiga lipu, unafanyaje?"

"Naulowesha kwanza, na lipu ikishashika naimwagilia maji siku saba."

"Usipomwagilia?"

"Inapasuka, inabanduka."

Alinitazama tu, akangoja. Mama, nilijisikia mjinga, mjinga wa kupewa cheti. Miaka kumi na mitano namwagilia kuta za watu, na uso wangu naukaushia juani. Kila siku vumbi la saruji linaingia kwenye ndevu linanyonya mafuta yote, jioni nalimalizia na sabuni ya kufulia.

Akaniandikia shampuu ya dawa, mara tatu kwa wiki, niipake ikae kidogo kabla ya kuitoa, na niisuuze mpaka isibaki. Siku nyingine maji matupu ya uvuguvugu au sabuni laini ya mtoto. Maji yawe ya mvua au ya bomba nikipata. Nijikaushe kwa kugusagusa taulo, nisisugue. Nichane kwa brashi laini kuondoa magamba, nisijikune kwa kucha. Kisha pakiwa bado na unyevu nipake mafuta ya nazi matone machache, niyafikishe mpaka kwenye ngozi. Nikiwa kazini nijifunge kitambaa puani mpaka kidevuni. Kuhusu sifa alisema kwa adabu kwamba mama hakukosea sana, ngozi kavu inataka mafuta, ila hii ni nzito mno, inaziba, na zaidi ya hapo kuna harufu, alisema ana wagonjwa wengine chumba cha pili.

Kisha akasema neno nililokuwa naliogopa kuliko sindano. "Zinyoe kwanza. Mafuta yote unayopaka yanaishia kwenye nywele, ngozi haijaonja kitu. Zikiota tena utakuwa umeshapona."

Nikakataa. Nikamwambia nitazipunguza. Akauliza, "Unaficha nini humo?" Nikafunika kidevu kwa mkono, lakini alikuwa ameshaliona kwa kitochi chake.

Dada Mwanahawa, kuanzia hapa soma polepole, na umshike mama mkono.

Mama, hapa nilitaka kuruka. Ndiyo sababu wiki iliyopita barua haikuja. Mganga aliweka kidole upande wa kushoto wa kidevu, pale, akasema, "Hapa ndipo palipokauka zaidi ya kote. Ngozi ya kovu haina mafuta yake yenyewe, lazima ipewe." Nimekuandikia hivyohivyo alivyosema kwa sababu sitaki uje uisikie kwa mtu mwingine. Hakusema ni kosa la mtu. Alisema lipewe mafuta, basi.

Nakumbuka nilipofika miaka kumi na minane, vikaanza kuota vinywele viwili vitatu, wewe ukaniambia, "Fuga, mwanangu. Fuga, zitakufunika." Nikafuga. Watu wakadhani nimeshika dini sana. Kila nilipokuja likizo ulikuwa unanitazama kwanza ndevu, kama zimejaa, ndipo unaniuliza habari. Mie nilikuwa najua unatazama nini.

Nikaenda kwa kinyozi Tegeta. Nikamwambia zote, nikafumba macho mpaka mashine ikazimwa. Nilipofumbua nikamwona baba. Kweli, mama, kidevu ni cha marehemu, sikujua. Na lile kovu nililolibeba miaka yote kama siri kubwa, lina ukubwa wa jani la mwarobaini. Nililitafuta nikaliona, nikasema moyoni, ndilo hili tu?

Nikapita dukani, maana huwezi kuingia Boko bila kupita pale. Mzee Seif hakunitambua, akaniuliza nataka nini. Nilipomwamkia akainama juu ya kaunta, akaona. Nikamkabidhi cheti cha damu nilichopewa zahanati, kwamba ni safi. Akakisoma, akakikunja, akanirudishia kwa mikono miwili. Kuhusu kovu hakusema kitu. Akaita, "Zuhura, njoo umwone mgeni," kisha akaondoka kwenda kupima sukari ambayo hakuna aliyeiomba.

Zuhura akatoka na futi ya kushonea shingoni. Akanitazama kidevu waziwazi, hakuna aliyewahi kunitazama hivyo.

"Umeungua na nini?"

Watu wote wakiuliza, huwa nasema nilianguka. Siku ile sikuweza. Nikamwambia uji. Nikamwambia nilikuwa na miaka mitano, jirani alibisha hodi, ukatoka mlangoni kumwitikia, na mie nikavuta mwiko. Nikamwambia alichonieleza dada, kwamba ulinibeba mgongoni mpaka hospitali, mguu mmoja una ndara na mmoja hauna, na hukujua kama huna mpaka kesho yake. Nikamwambia kwamba tangu siku ile hukupika uji tena nyumbani kwetu, na sisi watoto hatukuuliza.

Zuhura akaikunja futi yake.

"Mie nilidhani unaficha kitu kibaya," akasema. "Kumbe unamfichia mama yako."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, mama, na sijalala nalo vizuri. Kwa sababu ni kweli. Mie kovu haliniumi. Halijaniuma tangu nina miaka sita. Ndevu nilifuga ili wewe usilione, na wewe ukaniambia nifuge ili mimi nisionwe, tukaishi hivyo miaka kumi na sita, kila mmoja anamhurumia mwenzake kimyakimya, na ngozi ya katikati ikakauka.

Sasa ni wiki ya tatu natumia dawa. Unga umekwisha. Jana mama wa vitumbua amenipa chai kwenye kikombe cha bati, cha watu wote, nikanywa viwili. Mafuta ya nazi ananikamulia Zuhura, ananiletea kwenye kichupa cha wino, anakiacha kwa baba yake. Ile chupa yako Mzee Seif ameniomba. Ameiweka rafu ya juu, kati ya majani ya chai na viberiti, imefungwa sana. Mteja akiuliza bei anamwambia haiuzwi, hiyo ni sifa ya mkwe wangu.

Posa imekubaliwa, mama. Ndoa ni Mfungo Mosi, wiki mbili baada ya Idi, hapahapa barazani kwao.

Na sasa nalirudia lile la mgongo. Nimelifikiri sana. Mgongo uliosimama juu ya chungu siku mbili, umeinamia ini la papa na moshi wote usoni, hauwezi kushindwa kukaa kwenye kiti cha basi. Dereva nimeshasema naye, atakupa kiti cha mbele, na shemeji akiweza aje nawe. Njia ni mbaya, najua. Lakini sidhani kwamba unaogopa njia. Nadhani unaogopa kunikuta hivi nilivyo, mbele za watu, wakwe wakitazama, wakikuuliza. Wameshauliza. Nimeshawajibu. Hakuna aliyekutaja kwa ubaya, na Mzee Seif amesema kiti cha mama wa bwana harusi kitakaa karibu na chake, ili akuulize unapika sifa kwa moto kiasi gani.

Nisalimie shangazi mpika mikate, mwambie nitamletea kitenge nilichomwahidi. Msalimie mwalimu wangu wa chuo, na umwombe aniandikie zile sifa nyingine, za karatasi, hata kama zimechelewa, nataka na mimi nisikie ataandika nini. Shemeji na paa lake, salamu. Jirani yetu yule aliyebisha hodi siku ile, najua hadi leo hapiti mlangoni kwetu akitazama juu, msalimie yeye zaidi ya wote. Mwambie Shabani anaoa.

Dada, ukimaliza kusoma usiikunje haraka. Mwache mama aishike.

Mama, ulikuwa ukimbembeleza dada unamshika kidevu. Ukiwabembeleza watoto wa jirani, unawashika kidevu. Mie tangu nina miaka mitano unanishika bega. Zikianza kuota tena sitazizuia, lakini mpaka Mfungo Mosi nitakuwa nanyoa kila Ijumaa, nakungoja. Sasa hapaumi, hapawashi, pamelainika. Njoo unishike kidevu.

Mimi mwanao,
Shabani